Kopo la Maziwa na Upepo wa Mbali

Katika nyumba nyingi za Kamembe kopo la maziwa ya unga huwekwa kwenye rafu ya juu, mbali na mikono ya watoto, na hufunguliwa mgeni anapofika au chai ya asubuhi inapokosa maziwa ya ng'ombe. Mama wa nyumba hulinunua dukani baada ya kuangalia mambo matatu: bei yake, tarehe ya kuharibika, na kama kopo limebonyea. Jambo la nne halimpitii akilini, wala hana chombo cha kuliangalia. Nalo ni mvua iliyonyeshea majani aliyokula ng'ombe yule wa mbali.

Mwanzoni mwa mwaka 1987 jambo hilo la nne liligeuka kuwa habari ya dunia. Katika stesheni za reli za Ujerumani Magharibi yalikutwa mabehewa yaliyosheheni unga uliokaushwa kutokana na maji ya maziwa, yale yanayobaki jibini ikishatengenezwa. Unga huo ulitoka jimbo la Bavaria, na sehemu yake ilikuwa safarini kwenda Misri. Kwa jumla ulikuwa tani zipatazo 5,000. Haukuwa na harufu mbaya, rangi yake haikubadilika, na mtu angeuonja asingegundua lolote. Kilichougundua ni chombo cha kupimia mionzi. Ulikuwa umebeba sesiamu iliyoanguka pamoja na mvua mwaka mmoja kabla, kutoka katika kinu cha umeme wa atomu kilicholipuka katika nchi nyingine kabisa, umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja. Na Misri, kwa mtu wa Cyangugu, si ugenini sana: maji ya upande wa mashariki wa msitu wa Nyungwe huishia huko.

Kinu kilicholipuka ni kile cha Chernobyl, katika Ukraine ya zama za Muungano wa Kisovieti. Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 26 Aprili 1986, saa saba na dakika 23. Wakubwa wa huko hawakuitangazia dunia, wala hawakuwatangazia majirani zao wa mji wa Pripyat, ambao siku ya Jumamosi watoto wao walicheza nje kama kawaida. Mabasi ya kuwahamisha watu wapatao 49,000 yalianza kuondoka Jumapili mchana, saa 36 baadaye. Siku ya Jumatatu asubuhi, nchini Sweden, kilomita zipatazo 1,100 kutoka Chernobyl, mfanyakazi mmoja wa kinu cha Forsmark alipita katika mlango wa kukagulia mionzi, na kengele ikalia. Wenzake walidhani kinu chao wenyewe kimevuja. Walipochunguza waliona kuwa mionzi imo katika viatu vyake, tena ilitoka nje, kwenye ardhi iliyolowa mvua. Jioni ya siku hiyo hiyo ndipo Moscow ilipotoa taarifa fupi ya maneno machache. Hivyo ajali kubwa kuliko zote za vinu vya umeme ilitangazwa kwanza na soli ya kiatu.

Mionzi ya namna hii yafaa ieleweke kabla ya kuogopwa. Haikuletwa duniani na vinu vya umeme. Imo katika mwamba, katika udongo wa matofali, katika ndizi, katika mwili wa binadamu mwenyewe, na nyingine hushuka kutoka angani. Kwa wastani wa dunia nzima, mtu mmoja hupokea kutoka katika vyanzo hivi vya asili kiasi cha milisiveti 2.4 kwa mwaka. Picha moja ya kifua hospitalini humpa kiasi cha 0.1 tu. Anayeishi Cyangugu, ambako Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hupokea miale ya angani mingi kuliko ndugu yake wa Mombasa, kwa kuwa hewa inayomkinga juu ya kichwa chake ni pungufu. Hilo si la kumkosesha mtu usingizi. Na tangu mwaka 2019, katika hospitali ya jeshi ya Kanombe, Kigali, mionzi imekuwa ikitumika kuwatibu wagonjwa wa saratani, ambao zamani wengi wao hawakuwa na njia ila kupelekwa nje ya nchi. Wauguzi wa idara kama hiyo huvaa kifuani beji ndogo inayorekodi kiasi cha mionzi waliyoipokea, na beji hiyo hukaguliwa kwa vipindi.

Kitokacho katika kinu kilichopasuka ni jambo jingine. Ni vumbi na mvuke uliobeba vitu vinavyotoa mionzi, na kila kimoja kina tabia yake. Iodini 131 ni kali na ya haraka: kila baada ya siku nane nguvu yake hupungua nusu, na baada ya siku 80 haifiki hata sehemu moja katika elfu. Lakini katika siku hizo chache ng'ombe huila pamoja na majani, ikaingia katika maziwa, mtoto akayanywa, na mwili wake mdogo ukaikusanya katika tezi ya shingoni, ile ambayo ikivimba huitwa rovu. Sesiamu 137 ni ya mwendo wa polepole. Huchukua miaka 30 kupungua nusu, na hukaa katika udongo wa juu, ikapanda kwenye majani, uyoga na nyama.

Huko Ukraine, Belarus na Urusi, hadi mwaka 2005 watu zaidi ya 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali walikuwa wamegunduliwa kuwa na saratani ya tezi hiyo, na 15 kati yao walikuwa wamefariki. Sehemu kubwa ya balaa hilo ililetwa na maziwa yaliyonywewa katika majuma ya kwanza, na wazazi walioyamimina vikombeni hawakufanya kosa lolote, maana hawakuambiwa. Upande wa Poland mambo yalikwenda vingine. Wapimaji wao waliona hewa imebadilika, na katika siku chache watoto zaidi ya milioni 10 walipewa iodini safi ya kuijaza tezi kabla ile mbaya haijapata nafasi. Ng'ombe wakazuiwa kwenda malishoni, na watoto wadogo wakapewa maziwa ya unga yaliyotengenezwa kabla ya ajali. Maziwa ya kopo, ambayo mwaka uliofuata yaligeuka kuwa ya kutiliwa shaka kwingineko, huko ndiyo yaliyokuwa kinga.

Kwa askari, habari ya Chernobyl ina upande wake. Wazimamoto na wafanyakazi wa zamu walipanda juu ya paa usiku ule wakikanyaga vipande vya kinu chenyewe, pasipo yeyote kuwaambia ni nini walichokanyaga. Watu 134 walithibitishwa kupatwa na ugonjwa mkali wa mionzi, na 28 miongoni mwao wakafa katika miezi michache. Vyombo vingi vya kupimia vilivyokuwapo vilikuwa na kikomo cha rontgeni 3.6 kwa saa. Mshale ulifika mwisho ukasimama. Wakubwa wakaandika 3.6, wakapeleka taarifa juu, ilhali mahali pengine palikuwa na mionzi iliyozidi kiasi hicho mara maelfu. Ni sawa na mlinzi anayeleta taarifa kwamba adui ni watatu, kwa sababu tundu la ukuta alilochungulia linaonyesha watatu tu. Ofisa mwenye uzoefu humuuliza mlinzi huyo kwanza ukubwa wa tundu.

Miezi mitano baadaye, mashine zilizotumwa kusafisha paa ziliposhindwa, wakapelekwa askari zaidi ya 3,000 wenye majepe na mavazi ya risasi waliyoshonewa papo hapo. Safari hii walitangulia wapimaji. Waligawanya paa sehemu sehemu, wakaandika kila sehemu ina mionzi kiasi gani, na kutokana na hesabu hiyo kila askari akapewa muda wake: huyu dakika mbili, yule sekunde arobaini. Alikimbia, akachota jepe moja au mawili, akatupa, kengele ikalia, akarudi. Kikomo cha mtu mmoja kilikuwa milisiveti 250, yaani mionzi ya asili ya zaidi ya miaka mia moja. Kazi ilikuwa mbaya, na hesabu za vipimo zilizoandikwa kwa wengi wa wasafishaji wa Chernobyl zimebishaniwa tangu siku hizo. Hata hivyo askari wa paa wa mwezi Septemba alikuwa na kitu ambacho mzimamoto wa mwezi Aprili hakuwa nacho: mtu aliyekwenda kupima kabla yake.

Baada ya ajali kupima huendelea muda mrefu kuliko kuzima moto, na hapa habari ya kondoo wa Uingereza yastahili kuelezwa. Mvua za mwezi Mei 1986 ziliangusha sesiamu juu ya milima ya Wales, Cumbria na Scotland. Mwezi Juni serikali ilizuia uuzaji wa kondoo, na wafugaji wakaambiwa kuwa ni shauri la majuma machache. Ardhi ya milima ile, yenye mboji nyingi na udongo mfinyanzi mchache, ilikataa kuifunga sesiamu. Kila mwaka majani yaliinyonya upya. Mashamba zaidi ya 9,000 yaliingia katika zuio hilo. Ikatungwa njia ya kumpima mnyama akiwa hai: mpimaji alimshika kondoo, akamgusisha chombo mwilini, akasoma. Aliyepita kikomo cha bekereli 1,000 kwa kilo alipakwa rangi, ili asije akauzwa kwa kuchanganywa na wenzake, kisha akapelekwa malisho ya bondeni, ambako baada ya majuma kadhaa mwili wake ulijisafisha, naye akapimwa tena. Kazi hiyo ilikoma tarehe 1 Juni 2012. Mchungaji aliyeanza kuwapanga kondoo wake mstarini kwa ajili ya chombo akiwa kijana wa miaka 20 aliacha akiwa na miaka 46.

Mbuzi wa Nyakarenzo au wa Bugarama hajawahi kupangwa mstarini hivyo, na huenda asipangwe kamwe. Hewa ya Chernobyl ilibaki karibu yote katika nusu ya kaskazini ya dunia. Hewa ya kaskazini na hewa ya kusini hazichanganyiki upesi. Hukutana karibu na ikweta, zikapanda juu na kuangusha mvua nyingi. Cyangugu iko nyuzi mbili na nusu kusini ya ikweta, katika ukanda huo huo ambao mpaka wake husogea huku na huku kwa majira. Upepo wa mbali, basi, huifikia ukiwa umedhoofika. Chakula cha mbali hakidhoofiki. Husafiri katika gunia lililofungwa vizuri, kikashushwa bandarini na kupanda lori hadi dukani. Kwa sababu hiyo nchini Tanzania Tume ya Nguvu za Atomiki hupima sampuli za vyakula vinavyoingia na kutoka nchini, na kuvitolea cheti. Wafanyabiashara hulalamikia ada na kucheleweshwa, na pengine wana haki. Lakini kila cheti cha namna hiyo kina habari ya yale mabehewa ya Bavaria nyuma yake.

Hewa nayo ina mlinzi wake katika Afrika Mashariki. Dar es Salaam ipo katika orodha ya vituo 80 vya dunia vilivyopangwa kwa ajili ya mkataba wa mwaka 1996 wa kupiga marufuku majaribio ya silaha za nyuklia. Katika kituo cha namna hiyo pampu huvuta hewa kupitia kichujio kwa siku nzima. Kichujio hicho huachwa siku ya pili ili mionzi ya asili ya muda mfupi iishe, na siku ya tatu huwekwa katika chombo kinachotambua kila kitu kwa alama yake. Vituo hivyo viliwekwa kuwanasa waripuao mabomu kwa siri, na mwaka 2011 vilionyesha pia jinsi moshi wa ajali ya Japani ulivyoizunguka dunia.

Ajali hiyo ya Japani yapaswa kuwagusa watu wa Cyangugu kuliko ile ya Chernobyl, maana ilianza na jambo wanalolijua. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa la ardhi, na baada yake mawimbi ya bahari, yaliukata umeme wa kinu cha Fukushima Daiichi, na mashine za kupooza zikasimama. Katika mkoa huo kulikuwa na vituo 24 vya kupimia mionzi vilivyojengwa kwa uangalifu mkubwa. Tetemeko, mawimbi na kukatika kwa umeme na simu viliviua 23. Siku ambayo vipimo vilihitajiwa kuliko siku nyingine zote, kilibaki kimoja. Ikabidi watu watoke na magari na vyombo vya mkono, barabarani, kilomita kwa kilomita.

Wakazi wa mji wa Namie, kwa maelfu, walikimbilia kitongoji cha Tsushima kaskazini-magharibi, wakakaa huko siku kadhaa wakipika nje na watoto wakicheza. Huko ndiko upepo ulikokwenda. Katika ofisi za serikali ilikuwapo mashine ya hesabu iliyotabiri mwelekeo wa moshi, na karatasi zake zilichapwa tangu mwanzo, lakini hazikuwafikia watu wa Namie. Zilianza kutangazwa hadharani tarehe 23 Machi. Wakubwa walieleza kwamba hesabu hizo hazikuwa kamili na wangeweza kuwatia watu hofu. Sababu ya namna hiyo husikika nzuri ofisini. Kwa mama aliyemwachia mwanawe acheze nje Tsushima haina uzito hata kidogo.

Kuna upande wa pili ambao ni lazima nao usemwe. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliochunguza ajali ya Fukushima kwa miaka kumi hawakuona madhara ya afya kwa wakazi ambayo yangeweza kuhesabiwa kuwa yametokana na mionzi yenyewe. Waliokufa kutokana na kuhama walizidi 2,000: wazee waliobebwa kwa mabasi saa nyingi bila dawa, wagonjwa walioondolewa vitandani pasipo daktari, watu waliokata tamaa katika nyumba za muda. Mhamishaji asiye na kipimo huweza kuua kama mionzi, tena kwa hakika zaidi. Askari na polisi ndio watakaoamriwa kugonga milango, na swali lao la kwanza kwa ofisa wao lingefaa liwe hili: je, barabara hii tunayowapitisha imepimwa?

Kwa Rusizi maswali haya si ya kubuni. Hakuna kinu cha umeme wa atomu karibu. Vinu viwili vidogo vya utafiti vya Kinshasa, cha kwanza kikiwa cha mwaka 1959, viko kilomita zipatazo 1,500, na cha mwisho kilizimwa mwaka 2004. Lakini nchi inalitazama jambo hili. Rwanda ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 2012, na mwezi Septemba 2023 Bodi ya Nishati ya Atomiki ya Rwanda ilitia saini mapatano na kampuni ya Dual Fluid juu ya kujenga kinu kidogo cha majaribio. Kenya na Uganda nazo zimekuwa zikipanga vya kwao. Na bonde hili la ufa hutikisika. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, watu wakiwa makanisani, tetemeko liliipiga Cyangugu na Bukavu. Upande wa Rwanda watu zaidi ya 30 walifariki. Kokote kinu kitakakojengwa katika ukanda huu, mfano wa vituo 23 vya Fukushima haufai kusahauliwa: kitakachokivunja kinu kinaweza kukivunja kipimo siku hiyo hiyo.

Mtu wa ziwa hahitaji kuhubiriwa juu ya hatari isiyo na harufu. Mwaka ule ule wa Chernobyl, mwezi Agosti, Ziwa Nyos la Kamerun lilitoa gesi usiku, watu wapatao 1,700 wakafa usingizini na kandokando ya njia. Ziwa Kivu limebeba gesi ya namna hiyo nyingi zaidi katika kina chake, na kwa hiyo hupimwa: nyaya huteremshwa, maji ya chini hupandishwa, hesabu huandikwa. Upande wa Goma watu wana neno lao, mazuku, kwa mabonde ambayo mbuzi huingia na asitoke. Gesi ya ziwa na mionzi ni vitu viwili tofauti kabisa, lakini desturi ya kuvilinda ni moja, na hapa desturi hiyo ipo tayari.

Ila desturi hiyo ina sharti ambalo aghalabu hupuuzwa kwa kuwa halina ushujaa wowote. Kipimo cha kwanza chapasa kuchukuliwa kabla ya ajali. Mtu akipima udongo wa Cyangugu siku ya balaa, akaikuta sesiamu, atajuaje kama ni ya jana? Sesiamu kidogo imo karibu kila mahali duniani kutokana na mabomu yaliyojaribiwa angani kati ya 1945 na 1980, yakiwamo ya Wafaransa katika jangwa la Sahara. Wataalamu wa kilimo huitumia sesiamu hiyo kukadiria udongo uliochukuliwa na mvua vilimani. Mkaguzi akipitisha chombo kando ya lori la madini mpakani, kikalia, atajuaje kama ni jambo geni? Koltani ya Afrika ya Kati aghalabu ina urani na thoriamu ndani yake, na shehena zake nyingi husafirishwa chini ya kanuni za mizigo yenye mionzi. Pasipo daftari la siku za amani, kengele ya siku ya vita haina maana.

Daftari hilo lingekuwa kitu cha kawaida sana. Maziwa ya Bweyeye na ya Gihundwe mara moja kwa majira. Isambaza wa ziwani. Maji ya mto Rusizi chini ya mabwawa. Majani ya chai ya Shagasha, muhogo na mchele wa Bugarama. Udongo wa uwanja wa shule. Baada ya ajali yao Wajapani walipima kila gunia la mchele wa mkoa wa Fukushima, kilo 30 kwa 30, magunia yapatayo milioni 10 kwa mwaka, na tangu mavuno ya mwaka 2015 halikupatikana hata moja lililozidi kikomo. Wakulima wa huko walirudi sokoni wakiwa na namba mkononi. Ahadi za viongozi hazikuwa zimemshawishi mnunuzi yeyote. Na kwa kuwa soko la Kamembe na la Bukavu ni soko moja lenye daraja katikati, namba za upande mmoja zitahitajika upande wa pili pia. Upepo haupangi foleni Rusizi ya Kwanza wala kuonyesha kitambulisho, na muuza maziwa aliyezuiwa ng'ambo hii atavuka kwenda ng'ambo ile kabla ya jua la mchana.

Nyumbani, mambo ya kufanya siku ya tangazo ni machache na ya rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Familia iingie ndani, milango na madirisha yafungwe, redio iwashwe. Mapipa ya kukingia maji ya paa yafunikwe, na bomba la paa litolewe pipani. Wengi husahau hilo, na mvua ya kwanza ndiyo yenye vumbi jingi. Ng'ombe na mbuzi wafungiwe na kupewa majani yaliyokatwa jana. Maziwa mabichi na mboga za bustanini ziachwe mpaka zipimwe. Sombe iliyokwisha kutwangwa na kuhifadhiwa ndani haina neno, wala maharage ya ghalani. Vidonge vya iodini humezwa kwa amri ya daktari tu, katika saa inayotajwa, na vya watoto kwanza. Dawa ya iodini ya kupaka vidonda isinywewe kamwe, kwani ni sumu. Wala chumvi haisaidii: mwezi Machi 2011 watu wa China waliimaliza chumvi madukani kwa sababu ya uvumi, na kiasi ambacho kingefaa kitu, mtu angekufa kwa chumvi kabla ya kukimaliza.

Na askari anayerudi kutoka zamu ya siku kama hiyo ana kazi moja kabla ya kuwakumbatia wanawe. Nguo za juu pekee, zikivuliwa nje, huondoka na sehemu kubwa kabisa ya vumbi alilokuja nalo. Hazikung'utwi, hukunjwa taratibu, ndani kwa nje, zikatiwa mfukoni na kufungwa. Kisha ni maji ya uvuguvugu na sabuni, nywele kwanza, bila kuisugua ngozi mpaka ikachubuka. Mkewe atakuwa amekwisha kumwekea ndoo nyuma ya nyumba na kuwashika watoto mlangoni. "Baba watoto, viatu viache huko huko nje," atamwambia, naye, ambaye mchana kutwa alikuwa akiwaamuru wengine, atainama afungue kamba.